Beti za Darasani: Ushairi wa Watoto katika Historia ya Shule Zetu

Utangulizi

Ushairi wa Kiswahili umekwisha kuchunguzwa kwa njia nyingi. Wako wataalamu waliopima mizani zake, wako waliokusanya tenzi za vita na za dini, na wako waliobishana miaka mingi juu ya vina, kama ni roho ya shairi au ni pambo tu. Katika kazi zote hizo, sehemu moja imepata nafasi ndogo mno. Sehemu hiyo ni mashairi ya watoto yanayosimulia maisha ya kila siku ya darasani: kengele ya asubuhi, mstari wa kukaguliwa kucha, chaki na ubao, hesabu iliyokataa kupatikana jibu, rafiki aliyehama shule, na mvua inayopiga bati hata sauti ya mwalimu isisikike.

Makala haya yanakusudia kufuata historia ya mashairi hayo katika nchi yetu, tangu chuoni hadi shule ya msingi. Katika kuifuata tutauliza swali moja kila tufikapo: ni nani asemaye katika shairi la mtoto? Je, ni mtu mzima anayemwambia mtoto jinsi ya kuishi, ama ni mtoto anayesema jinsi anavyoishi? Mimi nashikilia kwamba tumekuwa matajiri wa mashairi ya aina ya kwanza na maskini wa mashairi ya aina ya pili. Nashikilia pia kwamba umaskini huo haukutokana na watoto kukosa la kusema. Ulitokana na sisi watu wazima kuyafuta waliyoyasema.

Chuoni na uwanjani

Kabla ya kuja shule za serikali, mtoto wa pwani alisoma chuoni. Alikaa juu ya jamvi au mkeka pamoja na wenzake, akashika ubao wa mti, akaandika herufi za Kiarabu kwa wino. Akiisha kulihifadhi somo lake, ubao ulioshwa kwa maji ukaandikwa somo jingine. Herufi na irabu zilifundishwa kwa kuimbwa. Mwalimu alitangulia, nao watoto wakamfuata kwa sauti moja, wakirudiarudia mpaka midomo ikazoea. Kwa njia hiyo mtoto alizoea sauti iliyopimwa kabla hajajua kusoma. Alijua kwamba neno lenye mapigo hukaa kichwani, na kwamba neno lisilo na mapigo huondoka pamoja na wino.

Utenzi unaojulikana sana kuwa ulitungwa na mzazi kwa ajili ya mwanawe ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa katika mwaka 1858. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliutunga akiwa mgonjwa, akimwachia binti yake wasia. Mwanzoni mwa utenzi ule mama anamwita binti asogee karibu, atwae wino na karatasi, apate kuandika. Tukitazama vizuri, hapo tumepewa picha ya somo: mwalimu yupo, mwanafunzi yupo, na vifaa vya kuandikia vipo. Lakini sauti tunayoisikia tangu mwanzo hadi mwisho ni ya mama. Binti anaandika, hajibu. Hatumlaumu mtunzi kwa jambo hilo, kwa sababu wasia ndivyo ulivyo. Tunalitaja kwa kuwa njia hiyo ndiyo iliyofuatwa na wengi waliokuja baadaye. Shairi la mtoto likawa ni shairi la kumpa mtoto.

Sauti ya mtoto mwenyewe ilikuwa mahali pengine, nayo ilikuwa uwanjani. Pwani na bara, kila kabila lilikuwa na nyimbo za watoto za kuzunguka duara, za kuruka, za kuhesabiana, za kutaniana na za kumwimbia mvivu aliyechelewa kuamka. Nyimbo hizo hazikutungwa na wazee. Zilizaliwa katika mchezo, zikabadilishwa kila siku, na kila mtoto aliruhusiwa kuongeza neno lake. Kwa hiyo si kweli kwamba watoto wa nchi hii walingoja shule iwafundishe kutunga. Walipoingia darasani walikuwa tayari na mahadhi yao, wakayaacha mlangoni.

Shule za wakati wa ukoloni

Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga katika miaka ya mwanzo ya 1890, kwa kusudi la kupata makarani, wakalimani na walimu. Kutoka katika shule hiyo lilichapishwa gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1904 na kuendelea hadi 1916. Gazeti hilo ni muhimu katika historia yetu, maana ndani yake watu waliosoma katika shule za serikali walianza kuandika mashairi ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Kwa mara ya kwanza ubeti ulitoka mkononi mwa mtu aliyefundishwa kwa chaki na ubao, ukasomwa na watu asiowajua, waliokuwa mbali naye.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, nchi ilipokuwa chini ya Waingereza, Idara ya Elimu ilianzisha jarida la Mambo Leo mwaka 1923. Walimu na makarani wa wilaya nyingi walipeleka humo mashairi yao. Walifumbiana, walijibizana, walishukuru na walionya. Shule nayo ilisifiwa, lakini ilisifiwa kwa mbali, kama mtu asifuvyo mlima. Elimu iliitwa taa, iliitwa silaha, iliitwa mali isiyoibika. Ni shida kukuta humo dawati, au mtoto aliyesahau daftari nyumbani akawa anatetemeka. Walimu hao waliishi darasani kila siku, lakini walipochukua kalamu kuandika shairi walitoka nje ya darasa. Kwa desturi ya wakati ule shairi lilipaswa kusema jambo kubwa, na maisha ya darasa la pili hayakuhesabiwa kuwa jambo kubwa.

Mshairi aliyekaribia zaidi dunia ya mtoto ni Shaaban Robert. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akasoma shule Dar es Salaam katika miaka ya 1920, kisha akawa mtumishi wa serikali. Aliwatungia watoto wake tenzi mbili, Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume na Utenzi wa Hati kwa binti yake. Humo tunasikia sauti ya baba mwenye upole na mapenzi. Hata hivyo swali letu linapata jibu lile lile la mwaka 1858. Mzazi anasema na mtoto anasikiliza.

Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kwa kitabu hicho yeyote aliyetaka kufundisha kutunga aliweza kueleza kina ni nini, mizani ni nini, na kituo ni nini, kwa mpango ulio wazi. Faida yake ni kubwa. Lakini kila faida ina deni lake. Katika madarasa mengi mashairi yalianza kufundishwa kwa kuhesabu silabi, na mwanafunzi aliyeulizwa shairi linasema nini alijibu kwamba lina mizani kumi na sita.

Uhuru na Elimu ya Kujitegemea

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na mwaka 1962 ikaundwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba ya mwaka huo huo. Mwaka 1967 ulileta mambo matatu yaliyobadili sura ya darasa. Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari. Mwezi Machi Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika madarasa yote ya shule ya msingi.

Jambo hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Sumbawanga na mtoto wa Pangani waliweza kucheka, kulalamika, kuuliza na kutunga darasani kwa lugha moja, tangu darasa la kwanza hadi la saba. Shule ikapata shamba, na mtoto akaja na jembe pamoja na daftari. Asubuhi kukawa na mchakamchaka, watoto wakikimbia kwa mistari na kuitikiana nyimbo. Nyimbo za mchakamchaka zilikuwa na maneno ya taifa, lakini kila shule ilikuwa na kiongozi wake wa nyimbo, na kiongozi huyo alijua kuingiza humo jina la mwalimu mkali, la kijiji jirani kilichofungwa mpira, na la mpishi wa uji. Uwanja ulikuwa umerudi shuleni kwa mlango wa nyuma.

Ngonjera

Katika miaka hiyo ndipo zilipopata nguvu ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969, ndiye aliyezikuza na kuzieneza akiwa pamoja na wenzake wa chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, yaani UKUTA. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilichapishwa mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake. Ngonjera ni mashairi ya kujibizana mbele ya watu. Upande mmoja hushika jambo, upande wa pili hubisha kwa kutojua, na mwishowe mbishi huelewa na wote hukubaliana.

Walimu walizipokea ngonjera kwa mikono miwili, na hawakukosea. Mtoto aliyekuwa na haya alisimama mbele ya wazazi, akatoa sauti, akatumia mikono, akajua kungoja zamu yake. Hakuhitajiwa kitabu kwa kila mtoto, maana mwalimu mmoja mwenye nakala moja aliweza kuwafundisha watoto ishirini kwa kukariri. Kwa shule yenye uhaba wa vifaa, huo ulikuwa msaada mkubwa.

Lakini tukirudi kwenye swali letu, tunaona kwamba ngonjera ilibadili mdomo pasipo kubadili maneno. Sasa aliyesimama kusema alikuwa mtoto, na aliyoyasema yalikuwa ya mtu mzima: kilimo bora, ujamaa, ubaya wa ulevi, faida ya kisomo. Mtoto wa miaka kumi alionya juu ya pombe ambayo hajainywa, na hakusema neno juu ya dawati ambalo hajalikalia. Pia katika ngonjera mwisho wa mabishano unajulikana tangu mwanzo. Mbishi ameandikiwa kushindwa. Lakini maswali mengi ya mtoto darasani hayana mshindi, nayo yanastahili kusemwa hivyo hivyo yalivyo.

Darasa lililofurika

Ada katika shule za msingi ilifutwa mwaka 1973. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kuharakisha elimu ya msingi kwa wote, na utekelezaji wake ukafika kilele mwaka 1977. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamepita milioni tatu. Madarasa hayakutosha, kwa hiyo wengine walisoma asubuhi na wengine mchana. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa kufundisha huku wakijifunza ualimu. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, pamoja na hali ngumu ya uchumi iliyofuata, vilifanya karatasi na vitabu kuwa adimu.

Mimi ni mmoja wa watoto waliosoma katika darasa la namna hiyo. Mwaka 1983, nikiwa darasa la tano, tuliambiwa tutunge mashairi kwa ajili ya siku ya wazazi. Nilitunga beti kadhaa, na wa kwanza nilipewa chaki niuandike ubaoni:

Kengele imeshalia, twaingia darasani,
Dawati twagombania, wengine tu sakafuni,
Mwalimu atwandikia, maswali ya ubaoni,
Hesabu twazifanyia, magotini si mezani.

Mwalimu wetu aliusoma kimya. Akasema vina ni safi na mizani zimetimia. Kisha akasema kwamba wageni hawaalikwi kuja kuonyeshwa sakafu, akachukua kifutio, akaufuta. Mimi nikapewa sehemu katika ngonjera ya mbolea. Sikumchukia wakati ule, na simlaumu sasa. Alikuwa kijana, akifundisha zamu mbili kwa siku, naye alitaka shule yake ipate sifa njema mbele ya wakubwa. Ubeti ulisalia kwa sababu moja tu: jirani yangu wa sakafuni aliukariri, na kwa miaka mingi kila tulipokutana alinisalimu kwa mstari wa mwisho.

Nilipoingia katika utumishi nilisoma taarifa nyingi za elimu. Taarifa hutaja upungufu wa madawati kwa idadi, kama ipasavyo, na bila idadi hakuna mpango. Lakini hakuna taarifa niliyoisoma iliyoeleza jinsi mwandiko unavyopinda mtoto anapoandikia gotini, wala jinsi mtoto anavyowahi shuleni kabla ya jua ili apate nafasi ya kukaa. Mambo hayo huyajua mwenye goti. Ada zilipofutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na elimumsingi bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yalifurika upya, na mwaka huo wa 2016 ikafanyika kampeni ya madawati nchi nzima. Sisemi kwamba beti za watoto zingezuia uhaba. Nasema kwamba tungekuwa tunakumbuka vizuri zaidi.

Thamani ya beti ndogo

Huenda msomaji akauliza kama mambo madogo ya darasani yanaweza kweli kubeba historia. Nitajibu kwa mfano nilioutunga mwenyewe, kwa umbo la utenzi, nikiyakumbuka maisha ya shule ya miaka ile:

Asubuhi twafagia,
Na maji twanyunyizia,
Kiranja asimamia,
Uwanja hauna taka.

Kucha akizitazama,
Mikono huenda nyuma,
Kwani jana twalilima,
Udongo haujatoka.

Beti hizi mbili hazina mafumbo. Lakini mwalimu wa historia akizichukua ataona humo mambo manne. Kwanza, usafi wa shule ulifanywa na wanafunzi wenyewe. Pili, kulikuwa na uongozi wa wanafunzi, na kiranja alikuwa na madaraka juu ya wenzake. Tatu, shamba la shule lilikuwa sehemu ya wiki ya masomo. Nne, na hili halipatikani katika waraka wowote, shule ile ile iliyomtuma mtoto kulima ilimkagua kucha kesho yake, na mtoto akaficha mikono kwa aibu ya udongo ambao alipaswa kuuonea fahari. Hapo pana mgongano kati ya shabaha mbili njema, kazi na usafi, na aliyeuhisi mgongano huo alikuwa ni mtoto.

Aidha, umbo lenyewe lina somo. Shairi la mizani kumi na sita kwa mstari ni mzigo mkubwa kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu. Mstari wa utenzi, wenye mizani nane, unamtosha katika pumzi moja. Vina vitatu vinavyofuatana humsaidia kukumbuka, na kina cha mwisho kinachorudi katika kila ubeti humwonyesha mahali pa kutua. Mtoto aanze hapo. Akikua atafika kwenye tarbia, na akipenda atafika kwenye mashairi yasiyo na vina, ambayo washairi wetu waliyaleta katika miaka ya 1970. Lililo muhimu ni kwamba aanze na jambo analolijua, maana hakuna fundi anayejifunza useremala kwa mti ambao hajauona.

Nguvu ya beti za shuleni haihitaji ushahidi wa mbali. Ukikaa na watu waliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1970 na 1980, ukawatajia shairi la sungura aliyeshindwa kuyafikia matunda, au lile la baba aliyerudi safarini akiwa mgonjwa, watalisoma kwa moyo, wengine huku wakicheka na wengine wakinyamaza kidogo. Mashairi hayo yalikuwa ya mawaidha, nayo yamekaa miaka arobaini katika vichwa vya watu ambao wamesahau kanuni za hesabu walizochapwa kwa ajili yake. Kama ubeti wa sungura umeweza kukaa hivyo, basi ubeti unaomhusu mtoto mwenyewe ungekaaje?

Kwa nini hatukuhifadhi

Sababu za kupotea kwa mashairi ya watoto ni nyingi. Ya kwanza ni karatasi. Palipokuwa na daftari moja kwa masomo mawili, shairi liliandikwa ubaoni, na ubao hufutwa kila kipindi kinapokwisha. Kama ubao wa chuoni ulivyooshwa, ndivyo ubao wa shule ulivyofutwa, ila chuoni maneno yalihamia kwanza katika kumbukumbu ya mtoto. Ya pili ni mitihani. Lisiloulizwa katika mtihani wa mwisho lilionekana kuwa la kupitisha muda. Ya tatu ni uchapishaji. Kwa muda mrefu vitabu vya kiada ndivyo vilivyopewa nafasi ya kwanza, na ilikuwa hadi mwaka 1991 ndipo ulipoanza Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, uliosaidia kutoa vitabu vya Kiswahili vya kusoma kwa furaha. Hata hivyo vitabu vya watoto kwa kawaida vimetungwa na watu wazima, na vingi ni hadithi.

Sababu ya nne ndiyo nzito, nayo ni heshima. Katika malezi yetu mtoto hufundishwa kusikiliza kabla ya kusema. Malezi hayo ni mema, na sipendekezi yatupwe. Lakini kumheshimu mkubwa hakumzuii mtoto kueleza alichokiona. Wazee wetu walilijua hilo. Ndiyo maana katika mchezo na katika wimbo mtoto aliruhusiwa kusema lile ambalo asingelisema mbele ya mzee akiwa amekaa. Wimbo ulikuwa uwanja wa ruhusa. Shule iliuchukua wimbo ikaacha ruhusa yake.

Hitimisho

Tumeona jinsi shairi la mtoto lilivyopita katika vipindi mbalimbali. Chuoni lilikuwa njia ya kuhifadhi somo. Katika tenzi za wazazi lilikuwa wasia. Katika magazeti ya kikoloni lilikuwa sifa ya elimu kwa jumla. Katika ngonjera lilikuwa sauti ya taifa kinywani mwa mtoto. Kila kipindi kilitoa kazi yenye thamani, na hakuna hata kimoja tunachopaswa kukionea haya. Kinachokosekana ni mtoto kusema darasa lake.

Pengo hilo halihitaji fedha nyingi kuzibwa. Kila shule ya msingi iwe na daftari moja gumu la mashairi, likae ofisini pamoja na kumbukumbu nyingine za shule. Kila muhula mwalimu wa Kiswahili achague beti chache zilizotungwa na wanafunzi juu ya maisha yao ya shuleni, zinakiliwe humo kwa mwandiko safi, na kandokando yake uandikwe mwaka na darasa. Zisisahihishwe hata zikapoteza sauti ya mtoto. Kina kilichopotoka kinaweza kuonyeshwa kwa penseli, lakini ukweli uliosemwa usiguswe. Daftari likijaa, liwekwe na lianzishwe jingine. Baada ya miaka ishirini shule hiyo itakuwa na historia yake iliyoandikwa na waliokaa madarasani.

Nanyi wanafunzi wa sekondari mnaosoma makala haya, miaka michache tu inawatenganisha na shule ya msingi. Andikeni sasa mnayoyakumbuka, kabla hamjawa watu wazima wa kutoa mawaidha.

Kwa mwalimu nina ombi moja dogo. Siku mtoto atakapoandika ubaoni ubeti unaosema jambo lisilopendeza mbele ya wageni, usikimbilie kifutio. Mwambie kwanza aunakili katika daftari. Ubao utafutwa baadaye, maana kipindi cha hesabu kinangoja.